Hatua Tarajiwa: Kisa cha Karatasi ya Mafuriko Uwanda wa Kano

Swali lililozua kisa hiki liliulizwa barazani, upande wa Ahero katika Kaunti ya Kisumu, majuma machache kabla ya mvua ya masika. Kijana wa kujitolea alikuwa amegawa karatasi ya kurasa mbili kuhusu mafuriko. Mama mmoja mkulima wa mpunga aliisoma taratibu, akainua mkono, akauliza: "Mwanangu, hizi hatua tarajiwa zitaletwa lini?"

Kijana hakumwelewa. Akarudia kwamba msimu huu mvua itazidi na kwamba karatasi inawahimiza wananchi kuchukua hatua tarajiwa. Mama akashikilia hapo hapo: "Tumesikia, na tutazichukua. Ninauliza tutazichukulia wapi. Kwa chifu ama kwa zahanati?"

Hakuna aliyecheka. Wengi walikuwa wameelewa hivyo hivyo: kuna vitu vinavyoitwa hatua tarajiwa, pengine mahema, pengine magunia ya kujaza mchanga, pengine pesa kidogo kwenye simu, na kuna siku vitafika. Kazi ya mwananchi ni kungoja jina lake lisomwe. Baraza lilifungwa kwa ahadi kwamba swali hilo litapelekwa ofisini.

Mimi nafundisha Kiswahili, na shirika lililoandaa karatasi hiyo liliniomba niisome pamoja na asili yake ya Kiingereza. Nimekichambua kisa hiki kwa sababu karatasi kama hizo huandikwa kila mwaka, kuanzia Nyando hadi Budalang'i, na mtu anayezisoma huwa na saa chache tu za kuokoa alicho nacho.

Kwanza, mahali penyewe. Maji ya Kano hayaanzii Kano. Mto Nyando hukusanya maji ya vilima vya Nandi na nyanda za juu za Kericho, ukashuka kwa kasi, kisha ukafika kwenye ardhi tambarare ya udongo mweusi usiopitisha maji upesi, ukielekea Ghuba ya Winam. Mvua kubwa ikinyesha huko juu jioni, Ahero kunaweza kuwa kukavu, nyota zikiwaka, na maji yakaingia nyumbani watu wamelala. Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu, lakini hapa mawingu yenyewe ni ya jirani. Anayechunguza anga la kwake tu amekwisha kuchelewa. Ndiyo maana onyo linalotoka mbali lina thamani kubwa Kano kuliko mahali pengi, na ndiyo maana maneno ya onyo hilo hayapaswi kuandikwa ovyo.

Asili ya karatasi ilitumia kitenzi cha Kiingereza anticipate, ama neno lililonyambuliwa kutokana nacho, mahali panne. Mfasiri aliandika tarajia mahali pote panne:

Tunatarajia mvua zaidi ya kawaida.
Familia zitarajie mafuriko.
Jamii ichukue hatua tarajiwa.
Tunatarajia ushirikiano wenu.

Mfasiri hakuwa mzembe. Tarajia ndilo jibu la kwanza ambalo mtu yeyote angelitoa, na sarufi ya sentensi zote nne haina kasoro. Lakini kitenzi hicho cha Kiingereza kinafanya kazi nne tofauti katika sentensi hizo, na kazi moja kati ya hizo tarajia haiiwezi kabisa.

Tuanze na ile ya mvua. Utabiri wa msimu hutolewa na Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa kabla ya masika na tena kabla ya vuli. Wataalamu hugawa mvua ya miaka mingi iliyopita mafungu matatu: chini ya kawaida, karibu na kawaida, na juu ya kawaida. Kisha husema uwezekano wa msimu ujao kuangukia kila fungu. Tuchukue mfano wa asilimia 45 juu ya kawaida, 35 karibu na kawaida, na 20 chini. Aliyeambiwa hivyo ameambiwa mambo mawili kwa pamoja: fungu la juu ndilo linaloongoza, na hata hivyo zaidi ya nusu ya uwezekano uko nje ya fungu hilo. Ukiandika "tunatarajia mvua zaidi ya kawaida," hesabu yote imemezwa. Msomaji anabaki na moja kati ya mawili: mvua imeahidiwa, ama mvua inatamaniwa. Ikija, ofisi ilisema kweli. Isipokuja, ofisi ilidanganya, na mwaka unaofuata hakuna atakayesoma karatasi yao.

Kijana mmoja wa bodaboda, nilipomweleza mafungu hayo matatu, alisema, "Basi ni kama kubashiri mechi." Nilimshukuru, maana hapo ndipo watu wengi wanapokwama. Bashiri na tabiri yote ni maneno yenye asili ya Kiarabu. Bashiri ni ndugu wa bishara, habari njema, na tabiri ilianzia kwenye kufasiri ndoto. Leo bashiri imehamia kwenye maduka ya kamari, na ukiitumia kwa mvua unampa msomaji sababu ya kuipuuza. Anayebashiri mechi akikosea hupoteza dau lake. Anayepandisha magunia ya mpunga darini kwa sababu ya utabiri, mto usipofurika, amepoteza jioni moja na mgongo umemuuma. Mto ukifurika naye hakupandisha, amepoteza msimu mzima na karo ya watoto. Hizo si hasara za kupimwa kwenye mizani moja, na karatasi nzuri ingelimwambia hivyo waziwazi.

Vuli ya 2023 bado iko akilini mwa wengi. Idara ilitabiri mvua kubwa kutokana na El Niño. Mwanzoni mwa Oktoba, Rais William Ruto akasema mambo hayatakuwa mabaya kama ilivyokuwa imetabiriwa, na wananchi wengi wakashusha pumzi. Kufikia mwisho wa Novemba mafuriko yalikuwa yameua zaidi ya watu 100 nchini. Nakumbusha hayo kwa sababu mazungumzo yote ya wakati ule yalikuwa juu ya kama itakuja ama haitakuja. Swali la kila nyumba itafanya nini kabla halikupata nafasi.

Sentensi ya pili, "Familia zitarajie mafuriko," ilimuudhi mzee mmoja wa kijiji. "Nani anayetarajia maji yaingie kwake?" aliuliza, na hakuwa anatania. Tarajia tuliipata kutoka Kiarabu, kwenye shina lenye maana ya kuweka tumaini, na harufu hiyo haijatoka. Angalia maneno linalotembea nayo: bibi harusi mtarajiwa, mama anayetarajia mtoto, matarajio ya wazazi kwa mtoto wao. Ni kweli kwamba redio na magazeti yamelipanua. Siku hizi mvua inatarajiwa, msafara wa Rais unatarajiwa, hata bei ya unga inatarajiwa kupanda. Sikubaliani na wanaosema matumizi hayo ni kosa, kwa sababu lugha imekwisha kuyapokea na kila mtu anayaelewa. Lakini taarifa ya redio humzungumzia kila mtu kwa jumla. Karatasi hii ilimzungumzia mwenye nyumba kuhusu nyumba yake, kwa kitenzi cha kuamrisha, na kumwamuru mtu atarajie msiba wake ni kumkosea heshima. Mzee alisikia hilo kabla yangu mimi mwenye kusomea lugha.

Kiini cha kisa ni sentensi ya tatu.

Katika kazi ya misaada, neno la Kiingereza lililofasiriwa "hatua tarajiwa," yaani anticipatory action, lina maana mahususi. Zamani misaada ilitoka baada ya maafa: watu wamekwisha kuhama, mifugo imekwisha kufa, ndipo pesa zinatafutwa. Wazo jipya ni kwamba utabiri ukifikia kiwango kilichokubaliwa mapema, pesa na kazi zitolewe hapo hapo, kabla maji hayajafika. Mwaka 2018 Shirikisho la Kimataifa la Vyama vya Msalaba Mwekundu na Hilali Nyekundu lilifungua mlango wa fedha kwa ajili ya kazi ya namna hiyo, na tangu wakati huo neno limeenea kwenye ofisi za mashirika mengi. Neno zima limejengwa juu ya "kabla." Huo ndio uhai wake.

Sasa soma Kiswahili chake. Kivumishi tarajiwa hutokana na kauli ya kutendwa: ni kitu kinachotarajiwa na mtu fulani. Walimu wa Kenya tunakutana nacho kila siku kwenye mtaala wa umilisi, penye "matokeo maalum yanayotarajiwa," yaani yale ambayo mwanafunzi anategemewa kuyafikia. Kwa hiyo hatua tarajiwa, kwa Kiswahili safi kisicho na tashwishi, ni hatua ambazo kuna mtu anazitarajia kutoka kwa mwingine. Mama wa barazani aliisoma sentensi sawasawa kabisa. Aliona hatua zinazotarajiwa, akauliza swali la mtu makini: kutoka kwa nani, na lini? Aliyekosea ni mwandishi.

Kosa hilo lina gharama kwa sababu linageuza upande wa mtendaji. Kwa Kiingereza, mtendaji ni mwanakijiji na wakati ni kabla. Kwa Kiswahili kile, mtendaji ni shirika na wakati ni siku isiyojulikana. Karatasi ya kuwahimiza watu wajiokoe iliwafundisha kungoja. Uwanda wa Kano umepokea wageni wengi wenye magari na orodha za majina, kwa hiyo maana ya kungoja ndiyo iliyokuwa karibu zaidi na mazoea.

Kwa nini tarajia haiwezi kazi hii? Jibu liko ndani ya kitenzi cha Kiingereza chenyewe. Kimeundwa kwa maneno mawili ya Kilatini, moja la "kabla" na jingine la "kutwaa." Maana yake ya zamani ni kutwaa kitu kabla ya wakati wake. Ndiyo maana Kiingereza kimelitumia kwa mtu anayetumia mapato kabla hayajaingia mkononi, jambo ambalo sisi tunaliita kuchukua advansi. Ndiyo maana pia kwa miaka mingi baadhi ya walimu wa Kiingereza walisisitiza kuwa kitenzi hicho si sawa na expect. Expect, kwa asili, ni kutazama nje ukimsubiri mtu njiani. Mwenye kufanya anticipate amekwisha kuondoka kitini. Siku hizi Waingereza wenyewe hutumia vitenzi hivyo viwili kwa kubadilishana, na hata maana ya kungojea jambo kwa hamu imeingia humo, lakini ile maana ya mkono uliotangulia haijafa. Mtangazaji wa mpira huiona kwa kipa anayeruka upande sahihi kabla mpigaji hajaugusa mpira. Kwa Kiswahili tunasema kipa aliusoma mchezo. Hatusemi alitarajia bao.

Kwa hiyo tulihitaji neno lenye mkono. Tulikaa na chifu, mzee wa kijiji, yule mama, vijana wawili wa bodaboda na kijana wa shirika, tukayapima maneno tuliyo nayo.

Tazamia ilikuwa nzuri kwa masikio yangu: ni kutazama kwa ajili ya jambo linalokuja. Lakini ina maana ya pili ya zamani, ya kwenda kupiga ramli, na mzee aliikumbuka mara moja. Tegemea tuliiacha upesi. Tanzania utasikia "tunategemea mvua" kwa maana ya kwamba inadhaniwa itanyesha, ila mkulima wa Kano akisikia hivyo ataelewa kwamba shamba lake linaishi kwa mvua hiyo. Subiri na ngojea ndizo tulizokuwa tunazikimbia.

Kisha mzee akaleta neno la Dholuo, rito. Hili lilinifurahisha sana. Rito ni kungoja, na rito hiyo hiyo ni kulinda, na jarito ni mlinzi. Mtu anayengoja kwa rito hajalala. Anangoja akiwa macho, na ana kitu mikononi mwake cha kukinga. Katika Kiswahili cha kila siku hatukupata kitenzi kimoja kinachobeba yote mawili, na hatukuwa na sababu ya kujifanya tunacho, lakini neno hilo lilitupa kipimo: sentensi yoyote tutakayoandika ni lazima iwe na macho na mikono.

Nilipendekeza wahi. Pwani mtu akisema "tuyawahi maji kabla hayajatuwahi" ameeleweka, na sentensi yenyewe ina mdundo. Vijana wakanitazama tu. Kwao wahi ni ya kuulizia yaliyopita, "umewahi kufika Mombasa?" Neno zuri lisiloeleweka na msomaji wake halina kazi kwenye onyo. Mama ndiye aliyetupatia tangulia. "Semeni tuyatangulie maji," alisema. Kila mtu alielewa, kuanzia chifu hadi mtoto aliyekuwa amekaa mlangoni.

Shirika lilitaka "hatua za mapema," kwa kuwa neno hilo limekwisha kuzoeleka kwenye ripoti zao. Ni bora mara kumi kuliko hatua tarajiwa, nami sikulipinga kwenye kichwa cha karatasi. Ila nilisema wazi kwamba mapema peke yake haitoshi, maana haisemi ni nani anayetenda wala ni kabla ya kitu gani. Ndani ya karatasi tukaondoa nomino na kuandika vitenzi vyenye watu. Sehemu ya katikati ikawa hivi:

"Masika haya mvua ina uwezekano mkubwa wa kuzidi ile ya kawaida. Haina uhakika, lakini kujiandaa kuna gharama ndogo kuliko mafuriko. Tuyatangulie maji. Wiki hii: pandisha mpunga na mahindi darini. Tia vitambulisho, vyeti na vitabu vya watoto kwenye mfuko wa plastiki uufunge vizuri. Hifadhi maji safi ya kunywa kwenye mtungi wenye kifuniko, kwa sababu visima na vyoo huchanganyika mafuriko yakija. Kubaliana na jamaa walio sehemu za juu kuhusu mahali ng'ombe watakapokaa. Ukisikia mto umejaa Muhoroni: usingoje kuona maji. Toka na watoto, wazee na wagonjwa kwanza."

Huo mstari wa Muhoroni haukutoka kwangu wala kwa shirika. Ulitoka kwa vijana wa bodaboda. Wana wenzao huko juu, na huwa wanapigiana simu kuuliza hali ya barabara. Mto ukivimba Muhoroni habari huwafikia kabla ya maji, na hakuna ofisi iliyokuwa imewahi kuwauliza kuhusu hilo. Chifu akaongeza kwamba habari hiyo ikifika isitegemee simu ya mtu mmoja: itangazwe kwa vipaza sauti vya kanisa na msikiti, na wazee wa nyumba kumi wapite mlango kwa mlango. Mambo hayo mawili yaliifaa karatasi kuliko marekebisho yangu yote ya lugha. Naona yasingejitokeza kama baraza lile la kwanza lisingekuwa na mama wa kuuliza swali lake.

Hatukulijaribu andiko jipya kwa kuuliza kama limeeleweka, kwa sababu mtu mstaarabu akiulizwa hivyo mbele ya wageni hujibu ndiyo. Tulimwomba mama alisome, alifunike, kisha atuambie atafanya nini akifika nyumbani. Alianza na mpunga, akaja kwenye vyeti vya watoto, kisha akasita kwenye ng'ombe. Dada yake ameolewa Nyabondo, alisema, lakini hawezi kupeleka ng'ombe wanne kwa shemeji bila kuwapa taarifa, na safari yenyewe ni ya siku nzima. Hapo kijana wa shirika akatoa kalamu. Ile "kubaliana na jamaa" ikasogezwa kutoka mstari wa nne hadi wa kwanza, maana ndiyo kazi inayochukua muda mrefu kuliko zote.

Tarajia ilibaki mahali pamoja tu, kwenye barua iliyoambatanishwa kwa chifu: "Tunatarajia ushirikiano wako." Hapo iachwe. Anayetarajia amejitaja, anayetarajiwa anajulikana kwa cheo, na kinachotarajiwa ni jambo jema.